Pima Sebule Kwanza, Kebo Baadaye

Watu wanaponiita kufunga projekta, huwa wameshanunua kila kitu. Projekta ipo, turubai lipo, sabufa yenye taa za rangi ipo, wakati mwingine hata makochi mapya yameshawasili kutoka Keko. Kilichosahauliwa ni kebo. Hiyo hununuliwa siku ileile ya kazi, Kariakoo, kwa maneno ya muuzaji: "Bosi, chukua hii, vichwa vyake ni vya dhahabu." Nikifika naikuta kebo ya mita tano kwenye chumba kinachodai kumi, au kebo ya bei ya kutisha iliyonunuliwa kwa ajili ya projekta isiyoweza kuonyesha hata robo ya kilichoandikwa kwenye pakiti.

Nafanya kazi hii hapa Dar es Salaam, na wateja wangu wengi wako kwenye nyumba mpya za Goba, Madale, Kinyerezi na Kigamboni. Msimamo wangu wanaujua, na wengine unawakera: kebo haichaguliwi dukani. Inachaguliwa sebuleni, tepu ya kupimia ikiwa mkononi, baada ya kujua projekta yako inaonyesha nukta ngapi.

Ila kabla hatujafika kwenye HDMI na mita zake, kuna adui mkubwa kuliko kebo feki, na huyo humnunui, unapewa bure. Ni waya wa njano. Ving'amuzi vingi huja na waya wa vichwa vitatu ndani ya boksi: njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Mafundi tunauita waya wa AV. Kwa kuwa umo ndani ya boksi, na kwa kuwa projekta nyingi bado zina tundu la njano, mtu anauchomeka, picha inatoka, basi. Analipia kifurushi kila mwezi, chaneli zimeandikwa HD, na HD yenyewe hajawahi kuiona.

Waya huo ulitengenezwa kwa ajili ya televisheni za zamani. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio tuliokuwa nao enzi za analojia, picha ilikuwa na mistari 625, na iliyoonekana kwenye kioo ni 576. Ukiihesabu kwa nukta, ni kama 720 kwa 576, yaani laki nne na ushee. Picha ya HD kamili ni 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. Tofauti ni mara tano. Jingine ni kwamba ndani ya waya huo mmoja mwangaza na rangi vinasafiri vikiwa vimechanganywa, na projekta inalazimika kuvitenganisha upya. Haivitenganishi vizuri. Rangi yenyewe imepewa nafasi finyu kuliko mwangaza, ndiyo maana nyekundu huvuka mipaka yake. Tazama mechi ya Simba kwa waya wa njano uone jezi zinavyovujia kwenye nyasi, na namba ya mgongoni usivyoisoma mpaka kamera isogee karibu. Analojia yenyewe ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, lakini kwenye sebule nyingi bado inaishi katika kipande hicho cha waya cha mita moja na nusu.

Kwenye televisheni ya inchi 32 macho yanasamehe. Picha ya inchi 100 ina eneo karibu mara kumi ya hiyo, na kila dosari inatanuka nayo.

Mzee mmoja wa Tabata, mwalimu mstaafu, aliniita akiwa ameshakata tamaa na projekta aliyoletewa na mwanawe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hiki kitu ni kibovu. Kina ukungu."

Nilichomoa waya wa njano, nikachomeka HDMI fupi niliyokuwa nayo kwenye begi, kisha nikaingia kwenye mipangilio ya king'amuzi na kuitoa kwenye 576 kwenda 1080. Hatua hii ya mwisho wengi huisahau: king'amuzi kinaweza kuunganishwa kwa HDMI na bado kikaendelea kutoa picha ndogo kwa sababu hakuna aliyekiambia kibadilike. Mwalimu alitazama kidogo, halafu akataka kujua kwa nini aliyemuuzia king'amuzi hakumwambia. Nami ningependa kujua.

Matundu mengine ya zamani nyuma ya projekta nitayapita upesi. S-Video, lile la duara lenye vitundu vinne, linatenganisha mwangaza na rangi, lakini mistari inabaki ileile, na vifaa vinavyolitumia vimekwisha sokoni. Komponenti ina vichwa vitatu, kijani, bluu na nyekundu, vyote kwa picha, na inaweza kubeba hata HD. Kama una deki nzuri ya zamani au PlayStation 2 ambayo watoto hawataki kuiacha, hiyo ndiyo njia yake bora. Tahadhari moja tu: nyekundu ya komponenti ni picha, nyekundu ya AV ni sauti. Ukizichanganya utapata picha ya kijani na sabufa inayonguruma.

VGA inastahili maneno zaidi kwa sababu haijafa. Ni kazi ya IBM ya mwaka 1987, plagi ya pini 15 yenye skrubu mbili pembeni, na projekta za mtumba zinazotoka maofisini karibu zote zinayo. Hubeba picha tu. Sauti lazima uitafutie waya wake. Kwa projekta ya nukta 1024 kwa 768, VGA nene ya mita chache inatoa maandishi safi kabisa, na sioni sababu ya kuidharau. Ikirefuka, hasa ikiwa nyembamba, herufi huanza kuota kivuli upande wa kulia. Na kama kompyuta imechomekwa soketi moja na projekta soketi nyingine ya mbali, unaweza kuona mikanda myepesi ikipanda taratibu kwenye picha. Hiyo ni tofauti ya umeme kati ya ethi mbili, na dawa yake ya kwanza ni kuvichomeka vyote kwenye ekstensheni moja.

Sasa HDMI. Ilitoka Desemba 2002, ikiwa mradi wa kampuni saba, zikiwemo Sony, Philips, Toshiba na Hitachi. Ina pini 19, inabeba picha na sauti pamoja, na yote ni ya kidijitali. Hapa ndipo yule muuzaji wa dhahabu anapopotosha. Picha ya kidijitali haififii kidogokidogo kwa sababu ya kebo. Kebo ikizidiwa utajua: vimulimuli vinarukaruka kwenye sehemu nyeusi za picha, skrini inazimika sekunde mbili na kurudi, au projekta inaandika kwamba haioni chochote. Hutaona ukungu, hutaona rangi zilizopauka. Mteja akiniambia kebo mpya imezifanya nyasi za uwanjani ziwe za kijani zaidi, namuuliza nani aligusa mipangilio ya rangi. Dhahabu ina faida yake, haishiki kutu, na kwa nyumba ya Kigamboni inayopigwa na upepo wa chumvi hilo si dogo. Lakini siku hizi hata kebo za bei ya chini zina vichwa vilivyopakwa dhahabu, kwa hiyo usiilipie mara mbili.

Kinachotofautisha kebo moja na nyingine ni wingi wa data inayoweza kupitisha. HD kamili ya picha 60 kwa sekunde inadai kama gigabiti 4.5 kila sekunde. 4K kwa mwendo huohuo inadai karibu 18. Toleo la HDMI 2.0 la mwaka 2013 lilipanua njia mpaka hizo 18, na 2.1 la mwaka 2017 likafika 48, kiwango ambacho nyumbani ni wacheza gemu wa PlayStation 5 na wenzao ndio wenye sababu ya kukiulizia. Dukani utaambiwa "hii ni kebo ya 2.1". Namba hizo ni za vifaa. Wenye HDMI wenyewe hawataki kebo iuzwe kwa namba ya toleo. Kebo hupewa daraja, na daraja limeandikwa kwenye pakiti: High Speed, kisha Premium High Speed ya gigabiti 18, kisha Ultra High Speed ya 48. Madaraja mawili ya juu huwa na stika ya uthibitisho ambayo unaiskani kwa simu. Iskani ukiwa bado dukani, kabla hujatoa hela.

Halafu geukia projekta yenyewe. Kwenye boksi kumeandikwa 4K kwa herufi kubwa. Tafuta kwa maandishi madogo zilipotajwa nukta zake halisi. Mara nyingi, kwenye hizi projekta ndogo za bei nafuu, utakuta 1280 kwa 720, au hata 800 kwa 480. Maana ya ile 4K ya juu ni kwamba ikiletewa picha ya 4K itaipokea, kisha itaipunguza iweze kutosha kwenye nukta zake chache. Kuinunulia mashine ya namna hiyo kebo ya gigabiti 48 ni kutupa pesa. Na hata kwa projekta nzuri ya HD kamili, High Speed iliyotengenezwa kwa uaminifu inatosha leo na itatosha mpaka taa yake ife.

Baada ya nukta, mita. Chukua sebule ya mita nne kwa tano na picha ya inchi 100. Picha hiyo ina upana wa mita 2.2 na kimo cha mita 1.25. Projekta nyingi za nyumbani hutaka umbali wa kama mara moja na nusu ya upana, kwa hiyo itaning'inia darini mita 3.3 kutoka ukutani. King'amuzi kiko kwenye kabati, chini ya picha, pembeni kidogo. Mteja huangalia hewani, kutoka kabatini mpaka darini, na kusema mita tano zinatosha. Waya haupiti hewani. Utakwenda kando mita 1.5, utapanda ukutani mita 2.3, utatambaa juu ya jipsamu mita 3.3, utashuka nusu mita kwenye projekta. Hapo ni 7.6. Weka mita moja ya akiba kila upande, kwa sababu ipo siku kabati litahamishwa na ipo siku projekta itateremshwa kusafishwa vumbi. Hiyo ni kebo ya mita 10, na mita tano zilizonunuliwa zitarudishwa dukani kama risiti bado ipo.

Kwa mita hizo 10 na picha ya HD kamili, nachukua kebo ya shaba halisi, nene. Unene huandikwa kwa herufi AWG, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo waya unavyokuwa mnene: 24 ni nene, 30 ni nyembamba. Kebo ndefu ya AWG 30 naiacha palepale kaunta. Pia jihadhari na kebo za alumini iliyopakwa shaba. Ni nyepesi mkononi na kwa umbali mrefu hazifai. Kwa 4K ya gigabiti 18 mambo yanabadilika. Shaba ya kawaida huanza kuhangaika ikivuka mita tano hivi, na hapo ninamwambia mteja wazi kwamba anunue kebo ya faiba. Ndani yake picha inasafiri kwa mwanga, na kila kichwa kina saketi ndogo inayopata umeme kutoka kwenye kifaa chenyewe. Inafika mita 30 bila kujali. Ina masharti yake: haipendi kukunjwa kona kali, na ina mwelekeo. Kichwa kimoja kimeandikwa Source, ndicho cha king'amuzi. Kingine Display, ndicho cha projekta. Ukiivuta ndani ya ukuta kinyume, hutapata picha, utavuta tena.

Vipo pia visanduku viwili vinavyopitisha HDMI kwenye waya wa mtandao wa Cat6, na vile vya mfumo wa HDBaseT vinafika mita 100. Hivyo viache kwa ukumbi wa harusi na kanisa.

Kuna njia nyingine ambayo mafundi wengi hawaisemi, labda kwa sababu haiuzi kebo. Hamisha king'amuzi. Kiweke kwenye rafu nyuma ya chumba, karibu na projekta, na HDMI yako itakuwa ya mita mbili au tatu tu, ya bei ya kawaida, yenye uwezo wa 4K bila kutoa jasho. Kitakachorefuka ni waya wa dishi, na huo ukiwa wa RG6 mita 20 au 30 si kitu kwake. Sauti ndiyo utairudisha mbele kwa waya mwekundu na mweupe, au kwa waya wa mwanga kama sabufa yako ina tundu hilo. Sauti ni mzigo mwepesi. Haina shida na mita 10. Rimoti utaielekeza nyuma, au ukutani, maana mwale wake hudunda. Wanawake wa nyumba nyingi niliowafungia hivi wanasema chumba kimependeza: chini ya picha hakuna kabati wala msitu wa waya.

Usitegemee spika ya ndani ya projekta. Ipo kwa ajili ya dharura, na iko nyuma ya kichwa chako huku mchezaji akipiga kelele mbele. Bluutuu nayo huchelewesha sauti; midomo ya waigizaji inafunga kabla neno halijafika.

Vile visanduku vidogo vya kugeuza picha vinawapotezea watu pesa kuliko kitu chochote. Kimoja kimeandikwa AV2HDMI, kingine HDMI2AV, vinafanana rangi na ukubwa, na kila kimoja kinakwenda upande mmoja tu. AV2HDMI kinapokea picha ya waya wa njano na kuitoa kwa plagi ya HDMI. Hakiiongezei chochote: nukta ni zilezile laki nne. Adapta ya HDMI kwenda VGA inafaa kwa projekta za mtumba, mradi ununue inayotoa sauti pembeni, lakini ujue kuna filamu zitakazokataa kupita. Sababu ni HDCP, ulinzi dhidi ya kunakili ambao kifaa na projekta huulizana kimyakimya kabla picha haijatoka. Projekta ya zamani au adapta isiyojua jibu inapata giza. Kwa filamu za 4K jibu linalotakiwa ni HDCP 2.2, na tundu moja la projekta linaweza kuwa nalo huku jirani yake halina. Jaribu tundu la pili kabla hujalaumu kebo.

Kuhusu simu: ukiona tundu la Type-C usidhani linatoa picha. Simu nyingi za bei ya kati hutumia tundu hilo kwa chaji na mafaili tu, na hakuna kebo itakayolibadilisha. Ulizia kwanza kama simu yako inatoa video, vinginevyo nunua kijiti cha kuchomeka kwenye HDMI ya projekta na utumie Wi-Fi.

Jambo la usalama nisiliache. Wengi mmewahi kugusa waya wa dishi mkasikia mtekenyo. Ni mkondo mdogo unaovuja kutoka kwenye vifaa visivyo na ethi, na nyumba nyingi ethi yake ni ya jina tu. Mkono unavumilia, tundu la HDMI mara nyingine halivumilii. Kwa hiyo usichomeke HDMI vifaa vikiwa vimewaka. Zima soketi, chomoa waya wa dishi, unganisha HDMI, rudisha dishi, ndipo uwashe. Mvua za masika zikianza na radi, chomoa dishi kabisa. Nimeona projekta nzima inayofanya kazi vizuri, ila tundu lake la HDMI limekufa, na kulitengeneza kunagharimu kuliko kebo zote zilizotajwa hapa.

Mwisho ni bomba, na hapa nazungumza na wewe ambaye nyumba yako bado iko kwenye plasta. Fundi umeme ataweka bomba la plastiki la milimita 20 kwa sababu ndilo lililomo kwenye gari lake. Kichwa cha HDMI kina upana wa kama milimita 20 chenyewe, hakipiti. Dai la milimita 32, kona zake ziwe za mviringo mpana, lisitembee bega kwa bega na waya wa umeme, na ndani yake aache kamba ya nailoni ya kuvutia kebo ijayo. Kisha kabla kebo haijaingia humo, itandaze sakafuni, iunganishe kila upande, na uangalie mechi nzima, dakika 90 na za nyongeza. Ikizimika hata mara moja, irudishe dukani ikiwa na pakiti yake. Ikipita, mwite fundi wa jipsamu afunge dari.